Kamushale Kalicheza Pamoja na Korali

Chekeni tu, musijizuie, juu hata miye nisipocheka nitalia: miye Mwalimu Espe, mutu nafundishaka ordinatere, hizi kompyuta, ku sekondere hapa Bunia, mutu batu banaitaka nyumba kwa nyumba mashini zao zikigonjwa, nilishindwa na kamushale kadogo, kale kenye kanatembeaka ku ekra, kioo cha ordinatere, mbele ya kanisa yetu yote ya mutaa wa Bigo, pastere iko, mama mukwe wangu iko, na korali imejaa batoto ya darasa langu.

Ilikuwa fete ya Mama. Mama alikuwa ametoka mu ugonjwa murefu, siye batoto tukasema tushukuru Mungu vizuri: ibada, chakula, bikwembe, vitenge vya rangi moja, yote. Lakini ukimuuliza Mama mwenyewe anataka nini, jibu yake ilikuwa moja tu: "Nione Deo." Ya Deo ("ya" ni heshima ya mukubwa) njo kaka yetu mukubwa, iko Mongbwalu anachimba dhahabu, na Mama ana miaka hajamuona na macho (barabara ya kule munaijua, na ya Deo naye munamujua, kila Noeli anakuja na kila Noeli hafike). Sasa mama mumoja mwenye anapelekaka biashara kule akatuletea flashi: ya Deo amejichukua video anasalimia Mama. Hatukumwambia Mama kitu. Nikaiweka mu ordinatere yangu, nikasema leo atamuona mutoto wake ku ukuta ya kanisa, mukubwa namna hii, na projekteri.

Asubuhi niko mbio mbio, Mama, mwenye alilala kwetu, akatoka chumbani amependeza, sakoshi yake nyeusi, ule mukoba wake wa kanisa, iko kwapani, akasema, "Espe, mama, ngoja nikuambie..." Nikamukata, "Mama, leo siyo siku yako ya kuhangaika, weye ni kukaa tu." Mu motokari akajaribu tena, "Ni juu ya ile kitu yako..." Nikamwambia, "Mama, kila kitu iko!" (Haikuwa. Suri yangu, ile panya ya ordinatere, ya mukono yenye haina kamba, sikuiona mu sakoshi yangu, lakini nikasema iko ku meza nyumbani, acha, nitatumia kidole ku ordinatere yenyewe.)

Bon, ibada ikaanza, korali ikapiga wimbo, Mama mbele ku kiti yake ya heshima akasimama akacheza na sakoshi yake kwapani, juu wimbo ukimugusa Mama hakuna mwenye anaweza kumukalisha. Miye nikawasha, picha yangu na bwana yangu ikajaa ukuta. Nikaweka kidole nitafute video. Yesu wangu! Kamushale kakakimbia. Kakaruka ku kona, kakashuka, kakarudia kuzunguka pua ya bwana yangu, miye navuta huku, kenyewe kanaenda kule. Batu bakaanza kukohoa kile kikohozi cha kuficha kicheko.

Nikasema ni mafuta, juu nilikuwa nimekula bitumbura, yale maandazi ya kukaanga, nikapangusa na kikwembe, wapi. Nikasema basi ni moto ya grupu, umeme wa ile jenereta ya inje, moto ya grupu inasumbuaka ordinatere, njo nafundishaka batoto hivyo, nikachomoa kamba. Saa ile ile wimbo ukaisha, Mama akakaa, kamushale kakatulia tuli. Nikainua kichwa, nikalalamika kwa sauti yote, "Baba mudogo, grupu yako iko na ugonjwa!"

Baba mudogo Zakaria, mudogo wa marehemu baba, njo mwenye ile grupu, na anaipenda kuliko shamba yake ya Aveba. Akasimama pale mulangoni, "Grupu yangu? Hii grupu yenye imewasha arusi za nusu ya kanisa hii?" Akatoka, akaizima kwa hasira, projekteri ikakufa, maikro ikakufa, siye wote tukabaki tunaangaliana mupaka bamama bakaenda kumubembeleza akaiwasha tena.

Korali, kwa kunionea huruma, ikaingia wimbo ingine. Mama huyo, amesimama. Na kamushale nako, pale pale. Mara hii kakaanza na kubonyeza kenyewe, kakafungua hapa, kakafungua pale, video ikaanza ku ukuta, nikasema aksanti Mungu, ni ya Deo. Haikuwa ya Deo! Ilikuwa miye, jikoni, na tisheti ya bwana yangu yenye imetoboka, mwiko mukononi kama maikro, kiuno kinazunguka (bwana yangu alinichukuaka kwa siri, na miye mujinga nikaichunga juu niliona nimecheza vizuri). Batoto ya darasa langu bakapiga kelele, "Mwalimu! Mwalimu!" Mama mukwe akashika kinywa. Nikasimama mbele ya ukuta niifunike na mwili, kumbe sasa kiuno kinazunguka juu ya kikwembe changu.

Pastere, mutu mupole lakini hapendi bitu vyenye vinajitembeza, akasema, "Wapendwa, tufunge macho." Tukafunga, Mama akainama, sakoshi ku magoti. Akaomba. Nikafungua jicho moja: kamushale katulivu, hakatikisike. "Amina!" Kanisa "Haleluya!", Mama akaruka na furaha, na kamushale kakaruka naye. Pastere akaniangalia sana. "Espe, uliweka nini mu hii mashini?"

Njo pale machozi ikanitoka, juu niliona ya Deo anapotea hivi hivi na Mama hata hajajua alikuwa anakuja. Mama naye alikuwa analia, lakini ya kucheka, juu ya kile kiuno changu. Akafungua sakoshi atoe leso, akatoa suri yangu. Kamushale kakapanda mupaka juu ku dari.

"Espe, mama, njo hii nilikuwa nataka kukuambia tangu asubuhi. Niliona unaisahau ku meza, nikasema mutoto wangu atateseka."

Kanisa ikaanguka na kicheko. Baba mudogo akauliza pale mulangoni, "Na grupu yangu?"

Nikakaa chini karibu na kiti ya Mama, nikaweka suri ku Biblia yake, mukono yake chini ya yangu, tukatafuta pamoja, tukabonyeza. Ya Deo akatokea, na ndevu. "Mama, najua utaniuliza ninakulaka nini." Mama akamujibu ukuta, "Njo swali yangu!" Ya Deo akasema anakula vizuri. "Muongo! Angalia mashavu." Hakuna mwenye alicheka tena. Mama alimujibu neno kwa neno mupaka mwisho, halafu akaniomba nirudilie.

Miye kumwambia Mama ngoja, nimeacha kabisa, hata akiwa na neno ya chumvi. Na ile suri alikataa kunirudishia, anasema njo ilimuletea Deo, iko mu sakoshi yake mupaka leo, nimejinunulia ingine. Lakini kale kachuma kake kadogo, kenye kanachomekwaka ku ordinatere juu kasikie suri hata iko mbali, sikukatoa. Niko nasahihisha kazi ya batoto, nikiona kamushale kanatikisika kenyewe, najua Mama ameingia mu parseli, mu kiwanja yetu, nasimama, naenda kumufungulia.