Wazee Wenye Kovu la Mdomo

Sijui kama nina haki ya kuandika habari za nchi ambazo sijawahi kufika. Mimi nafua mashuka kwenye hoteli ya wageni hapa Mikumi, na shule niliishia darasa la saba. Basi naandika nilichoona tu.

Mjukuu wangu alizaliwa kijijini Chanzuru akiwa na mdomo wa sungura: mdomo wa juu umepasuka, na ndani kinywani juu kuna uwazi. Akinyonya, maziwa yanatokea puani. Akawa anakonda. Muuguzi wa kliniki alisema kinachoua watoto hawa ni njaa, si mdomo. Upasuaji upo Morogoro, ila kwanza uzito uongezeke. Akamfundisha binti yangu kukamua maziwa na kumnywesha mtoto kwa kikombe, akiwa ameketishwa.

Mama mkwe wa binti yangu alikataa. Nisimwonee, hakuwa mkatili. Naye aliwahi kuzaa mtoto wa hivyo, akamzika kabla hajaota jino. "Hawa hawakai," aliniambia kwenye simu. "Msimtese na vikombe vyenu."

Wiki hiyohiyo nilipeleka taulo kwa mgeni mmoja Mzungu, mzee kunizidi. Aliponishukuru nikaona kovu limeshuka kutoka puani hadi mdomoni. Nikamwomba dereva wake aniulizie. Mzee akacheka, akaligusa. Ndiyo, alizaliwa hivyo. Kwao wanaozaliwa hivyo hushonwa wakiwa wachanga, wakaendelea na maisha. Ana wajukuu.

Njiani kwenda Chanzuru nikawa najiuliza. Watoto wa hivyo kwetu nimewaona. Mzee mwenye kovu lile sijamwona hata mmoja. Labda wapo na mimi sikutazama vizuri. Siwezi kuapa.

Nilimkuta mama mkwe jikoni, nikamsimulia.

"Mzee kabisa?" akauliza.

"Mvi mpaka masikioni."

"Na anakula?"

"Dada, nyama anaila kuliko wewe."

"Mwongo! Halafu hao Wazungu wana dawa zao."

"Kushona ni kushona. Hata Morogoro sindano zipo."

Akachochea moto. "Wangu hakuna aliyeniambia habari ya kikombe," alisema.

Binti yangu alipoketi kumnywesha mtoto, mama mkwe wake aliinuka, akamnyang'anya kikombe. "Hebu lete hapa. Wewe unamwaga tu."

Tangu siku hiyo ni yeye. Sisemi ni maneno yangu yaliyomgeuza. Huenda alikuwa ameshaanza kufikiri mwenyewe, na sifa ya kikombe ni ya muuguzi. Ila jana kliniki mzani ulifika pale palipotakiwa.

"Pima tena, mwanangu," bibi yake akamwambia muuguzi. "Tusifike Morogoro wakaturudisha."

Muuguzi akacheka, akapima tena. Ni palepale.

Jumatatu tunakwenda. Mimi nilidhani nitambeba mtoto, lakini bibi yake ameshatangaza kuwa hampi mtu.