Swichi ya Chini ya Kiti

Mume wangu alikuwa fundi umeme wa foklifti, zile mashine za kunyanyulia mizigo, katika ghala la vinywaji, na wenzake walimpachika jina la Masikio. Swichi mpya ikitoka kwenye pakiti, anaisogeza sikioni kwanza, anaibonyeza, anasikiliza inavyolia. Isipomridhisha, anairudisha dukani. Nilikuwa namtania kwamba angenisikiliza mimi hivyo, tungekuwa mbali.

Dereva mmoja pale ghalani ni kitindamimba wetu, mdogo wangu niliyemlea mwenyewe mama alipofariki. Mume wangu ndiye aliyemtafutia kazi hiyo, akamfundisha hadi akaiva. Siku ya kwanza kumwona na ovaroli, nilitembea kifua mbele mtaa mzima.

Chini ya kiti cha foklifti kuna swichi ndogo, haizidi kiberiti. Dereva akikaa, inabonyea na umeme unapita. Akiinuka, mashine haisogei hata ukanyage pedali. Madereva hawaipendi, maana kila wakishuka kuweka mzigo sawa lazima waanze upya. Ya mdogo wangu ilipokufa, mume wangu aliagiza nyingine, akamtuma yeye mwenyewe akaichukue kwenye duka la spea. Alirudi mikono mitupu.

"Haijafika, shem," alisema, amekaa mezani kwangu anakula. "Niungie waya tu kwa muda. Mzigo umejaa na bosi ananisakama."

"Siungi. Mtu ataumia."

"Nitakuwa mwangalifu. Sasa mimi nikudanganye wewe?"

Mume wangu akalegea. Aliunga waya umeme upite bila swichi, na kila alipoiulizia, jibu likawa "bado". Mtu anayeisikiliza kila swichi hakwenda dukani hata mara moja kuuliza. Aliona kumchunguza shemeji yake ni kumvunjia heshima.

Kisha mdogo wangu akashuka bila kuzima, akainama ndani kuvuta kitu, goti likagusa pedali. Foklifti iliruka mbele, ikambana mpakizi ukutani na kumvunja mguu. Meneja alipouliza nani kaunga waya, mdogo wangu alimnyooshea kidole mume wangu.

"Mimi naendesha tu. Mambo ya waya sikuyajua."

Mume wangu alisimamishwa kazi. Nyumbani hakumlaumu. "Ameogopa," alisema, "ni mtoto bado." Nami nilitaka sana kuamini hivyo.

Koti la kazi la mdogo wangu lilikuwa na damu ya mpakizi, akaniletea nifue. Nikapekua mifuko kabla ya kuliloweka. Kwenye mfuko wa ndani nikatoa pakiti ya duka la spea, imechakaa kwa kukaa, na ndani yake swichi.

Nilimpelekea mume wangu. Akaisogeza sikioni, akaibonyeza.

"Nzima," alisema, kisha akageukia ukuta. Roho iliniuma kuliko siku ya msiba wa mama.

Mdogo wangu hakukana nilipomkabili. "Ilikuwa inanichelewesha, dada. Funika kombe tu. Yeye ni fundi, hakosi kazi kwingine."

Siku ya uamuzi wa kazi yake nilimfuata mume wangu ofisini, nikaiweka swichi mbele ya meneja na kueleza nilikoitoa. Meneja akamgeukia dereva wake, aliyeitwa pia.

"Huyu mama unamfahamu?"

Mdogo wangu alinitazama usoni bila kupepesa macho. "Ni mke wa fundi. Lazima amtetee mumewe."

Nilikuwa nimejiandaa abishe, aape, hata alie. Kwa kukanwa sikujiandaa. Nilisema huyu ni mdogo wangu, nimembeba mgongoni, lakini sauti ilitetemeka na hata mimi niliisikia kama ya mwongo.

"Swichi za aina hii zinauzwa, mama, hata wewe ungeweza kuinunua," meneja alisema, akanirudishia. "Fundi, kazi imekwisha."

Mume wangu akaweka funguo za karakana mezani. Nilisimama mlangoni nikisubiri mdogo wangu aseme "dada", hata kwa kunong'ona. Alikuwa anamuuliza meneja kama anaweza kurudi kazini.