Maombi Chini ya Meza

Bado naona aibu kuingia ofisini kwetu hapa Somanda. Juzi asubuhi nilitakiwa kuwasomea wakubwa wa Dodoma, kwenye kikao cha video, taarifa ya chanjo ya ng'ombe. Taarifa yenyewe haikuwa kamili. Mwenzetu wa Mwandoya alikuwa hajanitumia ya kwake, na mimi nilishamwambia bosi kwamba kila kitu kiko tayari.

Kwa hiyo kikao kilipoanza na mtandao ukakatika kwenye kompyuta yangu, nilishukuru kimoyomoyo. Lakini bosi wetu, Mzee Masunga, akachungulia mlangoni.

"Minza, hebu angalia waya. Wanakusubiri wewe."

Akarudi ofisini kwake kuendelea na kikao. Nikaingia chini ya meza na kitenge changu, jasho likinitoka. Kweli, waya ulikuwa umelegea nyuma ya kompyuta. Nikausukuma kidogo, nikaushikilia hapohapo, nikafumba macho na kuomba kwa sauti.

"Mungu wangu, usiurudishe mtandao huu. Nimemdanganya Mzee Masunga, na akijua nimekwisha. Walau yule wa Mwandoya anitumie kwanza."

Sauti ya Mzee Masunga ikatoka kwenye spika za kompyuta yangu, taratibu kabisa.

"Amina, mwanangu."

Nikafumbua macho. Pale nilipoushikilia waya, taa ya kijani ya mtandao ilikuwa inawaka. Huko Dodoma mtu alikuwa anacheka. Nikauachia waya upesi ili mtandao ukatike tena.

Haukukatika.