Sauti ya Kuitia Ng'ombe

Matanga ya baba yalikuwa yameshaanuliwa na ndugu zake wamerudi Tabora, mimi niko jikoni nakoroga maharage, niliposikia baba anaita ng'ombe. Sisemi nilisikia mtu anayemwigiza. Nilimsikia yeye: ile "hooo" yake inayoanzia tumboni, inapanda, inakatika juu ghafla, kisha ulimi unaalika kwenye kaakaa. Nilitoka na mwiko mkononi, mchuzi unanidondokea miguuni, nikatazama langoni pa zizi alipozoea kusimama. Hapakuwa na mtu. Ng'ombe walikuwa wanaingia wenyewe, mmoja nyuma ya mwingine, na mchungaji wetu ameganda pembeni na fimbo yake, mdomo wazi.

Sauti ilikuwa imetoka dirishani kwa mama.

Mama alikuwa kwenye eda. Alikaa chumba cha upande wa zizi, amevaa gauni lake jeupe, hatoki ila kwa haja ya lazima. Tangu tuzike, ng'ombe walikuwa wamegoma kuingia zizini. Walirudi malishoni vizuri tu, wakafika langoni wakasimama, wakasubiri. Mchungaji, mtu mzima mwenye mvi zake ambaye amekaa kwetu miaka mingi, aliwabembeleza, akawatukana, akawachapa, wakatawanyika kwenye mahindi ya jirani. Maana baba hakuwahi kuswaga ng'ombe. Yeye alitangulia, akaita, wakamfuata. Aliwazoesha hivyo tangu wakiwa ndama, na sisi tuliona ni maringo yake tu ya Kinyamwezi. Hakuna aliyefikiria kwamba siku akiondoka ataondoka na ufunguo wa zizi kooni.

Kumbe mama alikuwa ameuiba huo ufunguo zamani. Mwanamke mdogo wa umbo, ukimwona kwa nyuma utadhani mwanafunzi, na kifuani mwake mlikuwa na sauti ya lile jitu la futi sita.

"Umejifunza lini?" nilimuuliza usiku nilipompelekea chakula.

"Sijajifunza," alisema. "Ukilala na mtu miaka yote hiyo, atabaki mahali."

Akaniomba chumvi. Mimi nikatoka nje kwenda kuifuata nikakaa kwanza kwenye ngazi.

Hapa Mlali shamba ni la mama. Kwetu Waluguru ardhi hufuata upande wa mama, na baba alikuja kama mkwe, na ng'ombe wake, kwa watu wasiojua kitu kuhusu ng'ombe. Wajomba walimtania mpaka wakachoka. Walisema Mnyamwezi huyu ameoa kwa ajili ya majani. Yeye alicheka, akaendelea na kazi yake: kununua ndama mnadani, kuwanenepesha, kuwauza wakiwa wanang'aa. Aliwalisha pumba, mashudu ya alizeti, na molasi ya kiwanda cha sukari, ya kuletwa kwa madumu kutoka Turiani. Nguo zake zote zilinuka molasi, hata kanzu ya Ijumaa. Hakumpa ng'ombe jina hata mmoja. Alisema ukishampa jina, utamla vipi?

Lakini fahali mwekundu hakuhitaji jina. Yeye hakununuliwa, alizaliwa hapahapa, mama yake akafa, baba akamlea kwa chupa. Alikua na nundu kubwa, mgongo mpana kama meza, na baka jeupe begani. Kila alfajiri baba alimfunga kamba akamtembeza mpaka barabarani na kurudi, kumzoesha watu na kelele, kwa sababu alitaka kumpeleka kwenye maonyesho ya Nane Nane mjini na baadaye amuuze kwa bei ya kutajwa. Hilo alilisema kwa kila aliyepita njiani. Masika yalipokuwa yanachanganya, moyo wake ukasimama akiwa anakatakata majani.

Basi kila magharibi, eda yote ile, baba aliita ng'ombe. Nasema baba kwa sababu ndivyo masikio yalivyosikia. Wanaume waliokuwa wakipita njia ya karibu na zizi kwenda kuswali walianza kuzungukia juu. Mmoja alikutana na ile sauti anapita peke yake akakazana mpaka kandambili zikamtoka, na hakurudi kuzichukua. Mama mkubwa, dada wa mama, ambaye hana dogo, alikuja na kanga yake begani akaketi kitandani bila kukaribishwa.

"Mdogo wangu, mjane hapandishi sauti ikasikika barabarani."

"Dada, ng'ombe wakilala nje wataibiwa."

"Wewe unaita ng'ombe au unamwita marehemu?"

Mama alikuwa anatazama dirishani, na nje ya nondo fahali mwekundu alikuwa amesimama, ameegemeza paji lake kwenye nondo, anapumua. Kila siku akishaingia zizini alikwenda moja kwa moja pale kwenye kona, kunakopakana na dirisha. Wenzake walimfuata yeye. Yeye alifuata sauti. Mama alipitisha mkono akamkuna katikati ya pembe, na mama mkubwa akageuza uso kana kwamba ameona kitu kisichomhusu.

Mimi si mtu wa mizimu. Ninaogopa mizani ya mnadani kuliko maiti. Lakini nitasema kweli, ile nyumba ilinitisha. Mama alianza kukohoa kama baba kabla ya kufungua mlango. Alipiga miayo kama yeye, kwa kelele, na kumalizia na "ee Mola". Wakati mwingine nilikuwa nafua uani nikasikia ile "hooo" mchana kweupe, ndogo, ya chini, ya watu wawili, nikajua yuko dirishani na fahali wake. Niliogopa, na jua likianza kushuka nilijikuta nimeacha kazi nasubiri kumsikia baba. Siku moja nilijikuta nimemwekea maji ya kuoga. Niliyamwaga kwenye migomba haraka mtu asinione.

Tulichokuwa tunagombania mimi na mama kilikuwa kimoja. Fahali auzwe au abaki. Wale wengine wote walikuwa wameshamzoea mama, hata angeita kwa Kiluguru wangekuja. Huyu mmoja ndiye aliyemjua baba tangu chupa mdomoni, na ndiye aliyemjibu mama kama alivyokuwa akimjibu baba. Mama alisema huyu asiguswe. Mimi nilisema kiangazi kimeingia, majani yamekwisha, na fahali wa uzito ule anakula kama harusi. Nilisema kwamba ng'ombe wa nyama akipitisha wakati wake anaanza kula shamba lenyewe. Nilisema pia kwamba baba asingembakiza. Hilo la mwisho nililisema kwa hasira, na nikaona limempata.

Eda ikaisha. Mama akaoga, akavaa gauni la rangi, akatoka mpaka zizini kwa miguu yake. Siku zilizofuata alimtembeza fahali yeye mwenyewe alfajiri, amevaa koti la baba lililomfika magotini. Barabarani watu waliwapisha. Mwanamke mdogo mbele, mnyama mkubwa nyuma, kamba imelegea kati yao haivutwi na yeyote. Kesho yake ikiwa ni safari ya maonyesho, alimwosha kwa sabuni ya mche, akampaka mafuta pembe na kwato. Nilimletea ndoo ya mwisho.

"Auzwe," alisema, mgongo kanipa. "Baba yenu alimlea auzwe. Nikimbakiza nitakuwa nimemwibia kazi yake."

Nilitaka kufurahi. Nilikuwa nimeshinda, na nilijihisi kama niliyevunja chombo cha watu.

Uwanjani hapakuwa na shida. Majaji walimzunguka, wakamminya mbavu, wakamshika nundu, wakaandika. Mama alimwongoza mbele ya umati, amenyooka, vipaza sauti vinapiga muziki wa kupasua masikio, na fahali hakustuka hata mara moja, kwa sababu mama alikuwa akimsemesha chini chini njia nzima. Wakamvisha utepe wa mshindi wa pili. Mchungaji wetu alilia waziwazi, akasema angekuwa wa kwanza kama majaji wangekuwa na macho. Mfanyabiashara wa nyama kutoka Dar es Salaam alimtaka palepale, na bei ilipatana bila kelele.

Tatizo lilikuwa fuso, lori la mnunuzi. Lilikuwa limeegeshwa nyuma ya mabanda, limeteremsha ubao wa kupandia, na ndani kulikuwa na ng'ombe wengine waliobanana, wamejinyea, macho yamewatoka. Fahali alifika mwanzo wa ubao, akanusa, akasimama. Wapakiaji wakavuta kamba. Hakusogea. Wakaanza fimbo. Mmoja akamkunja mkia, wa pili akampiga kwenye pua, na yule mnyama, ambaye katika maisha yake yote hakuwahi kuchapwa, hakujua hata namna ya kukwepa. Alipiga magoti. Alitoa sauti ambayo sikujua kuwa ng'ombe anayo.

"Acheni," alisema mama. Hawakumsikia. "Jamani, acheni!"

Akanipa mkoba wake. Akajifunga kanga kiunoni, akapita pembeni ya fahali bila kumtazama, akapanda ule ubao mpaka ndani ya fuso, katikati ya kinyesi, na viatu vyake vya kutokea. Wapakiaji wakacheka kidogo, wakidhani amechanganyikiwa. Mimi nilielewa anachotaka kufanya nikataka kumwita ashuke, lakini sikuwahi.

Aliita.

Katika kelele zote zile nilimsikia baba yangu, ndani ya lile lori, anaita ng'ombe waje nyumbani. Wapakiaji walishusha fimbo. Mtu mmoja nyuma yangu alisema "Mungu wangu" na kurudi hatua. Fahali aliinua kichwa, masikio yakasimama. Akanyanyuka, damu inamchirizika puani, akapanda ubao mwenyewe, taratibu, bila kamba, bila mtu, mpaka akafika alipo mama na kumwekea paji kifuani. Mama alimkuna katikati ya pembe. Kisha akatoka kwa kupenya ubavuni, wanaume wakamshusha, na mlango ukafungwa nyuma yake kwa komeo.

"Mama, una dawa wewe," alisema mnunuzi kwa heshima.

"Si dawa. Ni mume wangu."

Mnunuzi alicheka, akaona hakuna anayecheka naye, akaenda kuwasha gari.

Fuso lilipoondoka fahali alikuwa amejigeuza, anatafuta kwenye nafasi za mbao. Alilia mara nyingi. Tulimsikia mpaka lilipoingia barabara kuu. Mama alisimama palepale anajifuta viatu kwenye majani, anafuta, anafuta, hata vilipokwisha safika. Kwenye basi kutoka stendi ya Msamvu nilikaa na mkoba wake mapajani. Ningemwambia nini? Kwamba fahali hakuchapwa tena? Ni kweli hakuchapwa. Aliingia kwa hiari, kwa sababu katika sauti ile hakuwahi kukuta ila maji, molasi na mahali pa kulala.

Tulipokaribia nyumbani ndipo alipofungua mdomo. "Amenijia," alisema. "Amenijia kama anavyomjia baba yenu."

Kesho yake jioni ng'ombe walirudi malishoni, wakafika langoni, wakasimama. Mchungaji aliwaacha wapumue, akaegemea nguzo, kama tulivyozoea. Mimi nilikuwa uani na ungo wa mchele. Jua likashuka nyuma ya migomba, muadhini akaadhini, vichwa vyote vikawa vimeelekea dirishani, na dirisha lilikuwa wazi, na mama alikuwa amekaa ndani, ninamwona bega.

Nikaweka ungo chini nikaenda mlangoni kwake. Alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, mikono mapajani.

"Mama, ng'ombe wamefika. Wanasubiri."

"Nimewaona."

"Hutawaita?"

Nje mmoja akalia, akajibiwa na mwenzake, na mchungaji akaanza kuniita mimi jina langu, kwa wasiwasi, anauliza afanyeje. Mama aliinuka akafunga dirisha, ubao wa kwanza, ubao wa pili, akashusha kitasa.

"Waache wajue," alisema. "Wao hawajaambiwa bado kwamba amekufa."