Gazeti Lisilofungiwa Njugu

Habari ya kifo chake ilinikuta kwenye foleni ya mkate, mtaani Ghubra, huku ughaibuni, na niwaambie kweli wasomaji wangu: kabla sijamlilia mzee, nililiwazia sanduku lake. Naona haya kuandika hili, lakini ndivyo ilivyokuwa. Wengi mlimjua kama mzee mweusi, mpole, wa safu ya mbele msikitini. Wachache mlijua kwamba ujanani, kule Unguja, yeye na wenzake walitoa gazeti la dini kwa Kiswahili, wakati baadhi ya wakubwa wa mji wakishikilia kuwa dini haiandikwi ila kwa Kiarabu, na kazi ya mtu mweusi ni kusikiliza.

Nilimwahidi kuandika historia ya gazeti hilo. Tatizo lilikuwa nakala. Magazeti ya siasa na mpira yalifungiwa njugu na kutandikwa makabatini, na hadi leo huibuka. Lake lilikuwa na aya za msahafu, na chini ya kila toleo mwenyewe aliandika: “Likichakaa usilitupe. Lichome kwa heshima.” Wasomaji wakatii. “Tuliwafunza adabu, wakatumaliza,” aliniambia akicheka, kisha kicheko kikamwisha. “Nna saba tu sandukuni, zaliwa na mchwa. Njoo uzichukue, mwanangu. Nkifa mie, watasema sie weusi hatukuandika kitu.” Nikamjibu nitakuja wiki ijayo. Jibu hilo nilikuwa nikimpa tangu Ramadhani.

Siku ya tatu ya matanga nilimuuliza bintiye, mtumishi wa wizara moja pale Al Khuwair, mtu makini sana.

“Yale makaratasi? Nimeyachoma, ami. Yakipukutika, na yana aya, nkaogopa watu watayakanyaga. Na baba mwenyewe kaandika pale chini. Nimekosea?”

Nilimwambia hapana. Alikuwa msomaji wa mwisho wa babake, na mtiifu kuliko wote. Aliyekosea ni mimi, niliyeyaona maisha ya mzee kama duka lisilofungwa. Mwenye mzee mwenye sanduku amwendee leo, asingoje nafasi.

Akaniuliza tena, “Ami, hasa lilikuwa likisema nini?”

Nilitafuta kichwani, sikupata. Mara zote nilizoketi naye msikitini alikuja na toleo moja; nililishika mkononi nikimsikiliza yeye, sikulisoma. Katika gazeti zima, mstari pekee nilioukumbuka ni ule wa kuchoma.