Damu ya Mzima

Kwa miaka kumi na tisa, kazi ya Bi Matone maabarani ilianza kwa kujichoma sindano mwenyewe. Kila asubuhi alijifunga mpira mkononi, akajitoa damu kidogo, akaipitisha kwenye mashine kabla ya damu ya mgonjwa yeyote. Utaratibu ulidai dawa ya kiwandani ya kuhakiki mashine, naye aliitumia, lakini baadaye. Aliuamini zaidi mkono wake. Kwenye kichupa aliandika maneno yaleyale: damu ya mzima.

Asubuhi hiyo vichupa tisa vilisubiri, vya wagonjwa ambao virusi vilikuwa vimewashukia mapafuni. Damu ingesaidia kuonyesha nani ameumia zaidi. Huko wodini kitanda chenye oksijeni kilibaki kimoja.

Mashine ikatoa jibu lake. Ile protini inayopanda mwili unapowaka ndani, ambayo kwake haikuwahi kuvuka tano, ilisomeka mia moja arobaini na mbili.

"Imelewa hii," akasema, akaipiga kofi.

Simu ikalia. Alikuwa wifi yake, muuguzi wa wodi ya mapafu.

"Wifi, majibu yangu yako wapi? Au unayaatamia?"

"Subiri. Mashine imechizika, inasema mgonjwa ni mimi."

"Ugonjwa wako ni uvivu! Kaka yangu alishanilalamikia."

Bi Matone akacheka. Kicheko kikamkatikia njiani, akatafuta pumzi.

"Mbona unahema?"

"Ngazi hizi, wifi."



"Ngazi gani? Maabara si iko chini?"

Bi Matone akatazama mlango. Kutoka getini mpaka kwenye kiti chake hapakuwa na kidato hata kimoja.

Akaweka dawa ya kiwandani. Mashine ikaisoma sawasawa. Akarudisha damu yake: mia moja arobaini na nne. Akapima dalili za damu kuganda mwilini. Nazo zilikuwa juu. 

Wifi alishuka mbio na kibanio cha kupimia oksijeni, akambana kidoleni. Themanini na tatu; mwenye afya hupita tisini na nne.

"Lakini sikohoi," Bi Matone akanong'ona. "Sina hata homa. Nimekuja kwa miguu yangu."

"Nyamaza, mama. Usiongee." Wifi aliyemtania miaka yote hakuwa na utani tena. Akamvutia mtungi wa oksijeni, akamvisha barakoa. "Twende juu."

"Na hawa tisa? Mashine ni nzima. Tia vichupa, nitakwambia pa kubonyeza."

Wakavipima, mmoja akielekeza kwa kidole, mwingine akibonyeza huku machozi yanamdondoka. Majibu yakatoka moja moja. Sitini. Thelathini na nane. Tisini na saba. Hakuna aliyemfikia.

Wifi alimpigia daktari, akamsomea namba zote kumi na oksijeni ya kila mmoja. Daktari akauliza swali moja tu: huyo wa juu kabisa, wa kupewa kitanda, ni nani?

Kwa mazoea, wifi akageuza kichupa kusoma jina. Damu ya mzima. 

Bi Matone akainua mkono wake mwenyewe.