Mama Mkwe Juu ya Ngome

Mtu ambaye hajawahi kuuza viatu kwenye soko la Jumapili pale Gare du Midi, mvua ikimpiga ubavuni, asimcheke Kabamba kwa kutamani kazi ya mdomo. Miaka nenda rudi alisimama nyuma ya meza yake, akiwaapia wateja wenye miguu mikubwa kwamba kiatu kidogo kitatanuka kikivaliwa. Alikuja Brussels kutoka Likasi, Katanga, na begi moja. Akaosha sahani, akabeba magodoro kwenye ngazi za watu, na mwishowe akagundua kwamba katika mwili wake wote ni ulimi peke yake usiouma jioni. Tangu hapo akawa anatafuta namna ya kuupa ulimi kazi na mgongo likizo.

Namna hiyo ilipatikana mwaka 2011. Chama kimoja cha matembezi, kilichokuwa kikiwapeleka watu kuona kuta za kale za mji, kilitaka mwongozaji wa Kiswahili. Si kwamba kuta zenyewe ni maarufu. Watalii wana mambo yao ya kupiga picha; kuta hizi zimebaki vipande vipande, kimoja nyuma ya hoteli, kingine katikati ya nyumba za watu, mahali ambapo hata njiwa huwa peke yake. Kabamba alizisoma kama anavyomsoma mteja, akajua wapi pa kusifia na wapi pa kupita haraka.

Mkuu wa chama alikuwa Mbelgiji mrefu aitwaye Mathieu, mtu wa kubeba mwavuli hata jua likiwaka. Alimwambia wazi, kwa Kifaransa: "Nitatembea nanyi siku nzima. Kiswahili sijui hata neno moja, kwa hiyo nitahukumu kwa macho. Nataka mambo mawili tu. Uwatazame watu wako usoni unapoongea, na wote walioanza wafike Porte de Hal, lango la mwisho, pamoja." Akiyaweza hayo, kazi ni yake kila Jumapili, na meza ya viatu atamwachia mwenye mgongo mpya.

Mambo mawili mepesi. Hata mtoto angeyaweza. Ila mtoto hana mama mkwe.

Maman Lucienne, mama yake Yolande, mke wa Kabamba, alikuwa ametua kutoka Lubumbashi mwezi uliopita. Na kwao, mwanaume na mama wa mke wake hawatazamani. Hawapeani mikono, hawali pamoja, hawapishani kwenye njia nyembamba. Si ugomvi, ni heshima. Lakini heshima hiyo huko Katanga imejengewa nafasi: kuna ua, kuna mlango wa nyuma, kuna jirani wa kukimbilia. Kwenye fleti ya Ganshoren, yenye korido ya upana wa friji, heshima hugeuka kazi ya polisi wa barabarani. Kabamba hakutoka chooni kabla hajakohoa. Maman Lucienne alijibu kwa kikohozi chake kutoka jikoni. Katikati alisimama Yolande na taulo mkononi: "Papa, pita! Mama, ngoya kwanza!"

Usiku wa kuamkia siku ya mtihani, Yolande alimletea habari kitandani.

"Mama anasema naye atakuya kesho."

"Atakuya wapi?"

"Ku promenade yako."

Kabamba akaketi. "Yolande! Ile kazi ni ya kuangalia batu mu macho! Bukwe wangu nitamuangalia namna gani?"

"Umuambie wewe mwenyewe asikuye."

"Nimuambie namna gani, na shiwezi kusema naye?"

"Bon. Alors, atakuya."

Nyuma ya ukuta, sauti ya Maman Lucienne ikasikika ikimwambia Mungu, kwa sababu hapakuwa na mwingine wa kuambiwa: "Miye shikupanda ndege juu ya kuangalia parking ya Ganshoren."

Asubuhi wakakutana chini ya Mnara Mweusi, karibu na kanisa la Sainte-Catherine, kipande cha ukuta wa kwanza wa mji ambacho hoteli imekikumbatia kama mgonjwa. Walikuwa watu kama dazeni hivi. Wengi walitoka Katanga, wamevaa kana kwamba ukuta ungewakagua wao. Alikuwapo pia Hidaya, Mrundi wa Bujumbura anayehudumia wazee katika nyumba ya kuwatunza, mwanamke wa kilemba safi na mdomo usio na breki. Na nyuma ya wote alikuwapo Maman Lucienne, kitenge cha kasuku, raba nyeupe.

Kabamba akawageukia watu. Akafungua mdomo. Macho yake yakagonga kasuku. Akageuka kama aliyeunguzwa, akaukabili mnara, akaanza kuuhutubia. Wakati huohuo Maman Lucienne naye akageuka, akaikabili hoteli. Watu waliokuwa katikati hawakujua kipi hasa ndicho cha kale.

"Karibuni," Kabamba aliyaambia mawe. "Huu ukuta ulijengwa kuzuia maadui."

"Papa Kabamba," Hidaya akapaza sauti, "tumekuja kuona mnara au kuona mgongo wako?"

Watu wa Katanga wakakohoa. Wao walishaelewa, na hakuna aliyekuwa tayari kueleza. Mathieu akahamisha mwavuli kutoka mkono wa kulia kwenda wa kushoto.

Walipofika kwenye mabaki yaliyo nyuma ya kanisa kuu, Kabamba alijaribu ujanja wa pili: akakaa nyuma ya kundi na kuongea kutoka huko. Lakini watu humfuata msemaji kwa macho. Walipogeuka wote, Maman Lucienne, aliyekuwa mbele, akajikuta amefunuliwa kama sufuria. Akavuka barabara, akaingia kwenye duka la chipsi, akakataa kutoka. Kundi likasubiri. Yolande akaenda kumtoa, na akarudi na pakiti kubwa ya chipsi, mama akimfuata kinyumenyume.

Chakula cha mchana walikilia chini ya Mnara wa Anneessens, ule unaotazama magari ya barabara kuu. Kabamba hawezi kula mbele ya mkwewe, na njaa nayo haijui mila. Akachukua paja lake la kuku, akazunguka mnara, akaenda kula huku uso wake ukiwa karibu kugusa ukuta. Hapo ndipo Mathieu alipomkuta.

"Unafanya nini?"

"Ninachunguza chokaa," alijibu Kabamba, akimeza.

"Na huyo kuku?"

"Uchunguzi unachukua muda."

Mathieu hakucheka. "Kabamba, mimi nakupenda. Lakini mwongozaji huongea na watu, haongei na mawe. Tangu asubuhi mawe yamesikia kila kitu, watu hawajaona uso wako. Na yule mama anapotea kila kona. Porte de Hal ikiwa hivihivi, nitamtafuta mwingine."

Kuku akamkwama kooni. Kabamba alimjua huyo mwingine hata kabla ya kutajwa: atakuwa kijana fulani mwenye miwani, na yeye atarudi sokoni, akasimame kwenye mvua akiapa juu ya viatu.

Kwenye Mnara wa Villers, ule uliojibanza kati ya nyumba kana kwamba unakwepa kodi, Hidaya alimvuta Yolande pembeni. "Dada, mume wako ana shida gani ya shingo?" Yolande akamweleza yote. Hidaya akacheka mpaka akashika ukuta.

"Na kwenu hakuna dawa ya jambo hilo?"

"Iko," Yolande alisema. "Mbuzi. Mwanaume anapatia bukwe wake mbuzi, macho inafunguka, mambo imeisha. Wakati ya ndoa bwana yangu alikatala. Alisema maman iko Lubumbashi, miye niko Bruxelles, kufungula macho juu ya kuangalia nini?"

"Ubahili!"

"Yeye anasemaka ni commerce."

Basi wakashuka mpaka Porte de Hal, lango pekee lililobaki la ukuta wa pili, limesimama peke yake katikati ya barabara kama mgeni aliyekosa mwenyeji. Huko ndiko Kabamba alikoweka akiba yake yote. Juu kabisa, ikizunguka paa, kuna njia ya walinzi, nyembamba, yenye ukingo wa mawe na mji mzima chini yako. Alipanga hivi: Yolande na mama yake watokee upande wa kulia na nusu ya watu. Yeye atokee kushoto na nusu nyingine, Mathieu akiwemo. Huko, bila kasuku mbele yake, atawatazama watu usoni mpaka waone haya wao.

Na ikawa hivyo, kwa muda. Alisimama, akageuka, akawaangalia. Akawaonyesha paa za Marolles, akasimulia milango iliyofungwa kila jioni, akatania, akapunga mikono. Mathieu akaanza kutikisa kichwa kwa kuridhika. Kabamba akanogewa, akawa anaenda kinyumenyume huku akiongea, hatua kwa hatua, kama mfanyabiashara anayemvuta mteja ndani ya duka.

Kitu alichosahau, yeye aliyejifunza ngome kwa mwezi mzima, ni kwamba ngome ni ya mviringo.

Mgongo wake ukagusa kitu laini. Akageuka. Kasuku.

Maman Lucienne akapiga yowe, akajifunika kichwa kwa kitenge. Kabamba akafumba macho. Nyuma ya mama kulikuwa na Yolande na nusu ya kundi, nyuma ya Kabamba kulikuwa na Hidaya, Mathieu na nusu nyingine, na wote walikuwa wanasukuma kuja mbele kuona kilichotokea. Kurudi haiwezekani. Kupishana ni mwiko.

"Yolande," Kabamba alisema akiwa amefumba macho, "ambia maman arudie nyuma."

"Yolande," ilijibu sauti ndani ya kitenge, umbali wa mkono mmoja, "ambia ule papa miye shirudie. Magoti yangu haina reverse."

"Yolande, muambie batu banatungoya."

"Muambie na miye ninangoya. Tangu ndoa ninangoya. Mbuzi yangu iko wapi?"

Katanga nzima iliyokuwepo pale ikaguna kwa pamoja, mguno wa watu waliojua kwamba siku moja hilo litaulizwa.

"Ambia maman, mbuzi ya Bruxelles ni ghali."

"Muambie deux. Mbuzi mbili."

"Deux!" Kabamba alisahau kupitia kwa Yolande. "Muntu ni umoya, mbuzi itakuwa deux namna gani?"

"Ya kwanza ni ya macho. Ya pili ni ya intérêt, juu ya kungoya."

Kabamba, hata katika dhiki ile, aliitambua kazi nzuri alipoiona. Huyu mama alikuwa ameuza unga na samaki wakavu maisha yake yote. Hakuwa mtu wa kutishwa na bei ya kwanza. "Mguu moya," akasema.

"Mbuzi ya mguu moya itatembea?"

"Nusu, basi!"

"Nitafungula jicho nusu?"

"Mkono mtupu haulambwi, papa!" Hidaya alipaza sauti nyuma yake. "Toa mbuzi tupite, nina zamu jioni! Kaka yangu Burhani ana bucha Molenbeek. Nampigia sasa hivi!" Na kweli akatoa simu.

"Mbuzi moya, muzima," Kabamba alisema, jasho likimtoka. "Lakini bila kichwa. Kichwa inabaki ku boucherie, bei inashuka."

Kitenge kikatikisika. "Macho inakaaka wapi, papa? Mu mukia? Mbuzi bila kichwa itafungula macho ya nani?"

Hoja haikuwa na pa kushikia. Kabamba aliipima huku na huku, akakuta imekaza pande zote. Biashara haigombi. "Na kichwa," akasema kwa unyonge.

"Burhani anasema ipo!" Hidaya akatangaza. "Na kichwa, na kwato, akitaka!"

Kitenge kikashuka polepole. Kabamba akafumbua macho. Wakatazamana, kwa mara ya kwanza tangu awe mkwe, wamebanana baina ya ukingo na paa, upepo ukiwapiga.

Maman Lucienne alimkagua kutoka juu hadi chini, na safari haikuwa ndefu. "Kumbe uko mufupi! Mu photo ya ndoa ulionekanaka murefu."

"Nilipandaka juu ya carton ya viatu, maman."

Watu wakaangua kicheko. Wakapishana, tumbo kwa tumbo, na dazeni nzima ikashuka ngazi kwa kelele moja, bila hata mmoja kupotea. Chini, Mathieu alimngoja Kabamba akiwa ameufunga mwavuli wake.

"Niambie. Kile cha juu kilikuwa nini?"

Kabamba hakuwahi kukosa jibu mbele ya mteja. "Lilikuwa igizo, monsieur Mathieu. Mji umezingirwa. Adui yuko nje, mji uko ndani, wanapatana bei ya amani. Kwa mifugo."

"Na yule mama aliyejifunika?"

"Ndiye mji."

Mathieu alishika kifua. Alikuwa ametembea na waongozaji wengi, alisema, lakini hajaona mtu akiigiza kwa moto namna ile, mpaka jasho. Hata ile hotuba ya asubuhi kwa mawe, na mgongo aliowageuzia watu, sasa aliielewa: yote yalikuwa maandalizi. Kazi ni ya Kabamba. Ila kwa sharti moja. "Igizo hilo libaki. Kila Jumapili, palepale juu, na mama yuleyule."

Yolande alimtafsiria mama yake. Maman Lucienne alikunja kitenge chake taratibu, akakiweka begani. Kisha, kwa kuwa sasa hakuna tena kilichomzuia, akamwangalia Kabamba moja kwa moja machoni.

"Bukwe."

"Maman."

"Kila dimanche, si ndiyo?"

"Ndiyo, maman."

"Bon. Ile ya leo ni mbuzi ya kufungula macho." Akatabasamu kwa upole wa mtu anayeweka mzani mezani. "Sasa tuseme juu ya mbuzi ya kuifunga tena kila dimanche."

Kabamba aliangalia kulia, akaangalia kushoto. Hakukuwa na ukuta wa karibu wa kuukabili. Akavuta pumzi, akavaa sura yake ya sokoni.

"Maman," akaanza, "kuku unakulaka?"